Riba sifuri ya gari Marekani: nani analipa, na we unaingiaje bila kupigwa

Kila ikifika Desemba kuna mtu kwenye grupu letu huku Marekani anatuma picha ya tangazo, gari mpya, asilimia 0 kwa miezi 60, alafu linafuata swali lile lile: jamani hii ni kweli au utapeli? Ni kweli. Ila hakuna mtu duniani anayekupa dola elfu thelathini ukae nazo miaka mitano asitake hata senti, kwa hiyo kuna mtu anailipa hiyo riba, na ukishajua ni nani na anaipitishia mlango gani, utapiga hesabu zako vizuri kuliko wengi wanaoingia pale na furaha tu.

Wengi wetu tumetoka kwenye utamaduni wa keshi. Nyumbani unaagiza gari iliyotumika kutoka Japani, unatuma hela yote, unasubiri meli ifike Dar au Mombasa, unalia na ushuru, basi, gari yako. Mambo ya riba ya gari hatukukua nayo, na madila, yaani wenye maduka ya magari huku, wanatujua kwa hilo.

Hatua ya 1: wajue wale watatu

Kuna mtengenezaji, yaani Toyota, Ford, GM (General Motors) na wenzao. Kuna dila, na hapa ndipo watu wanapochanganya, ukiona jina la Toyota limeandikwa kubwa juu ya jengo usidhani ni duka la Toyota, lile ni duka la mtu mwingine kabisa, mfanyabiashara huru aliyepewa haki ya kuuza, ananunua magari kwa bei ya jumla anauza rejareja. Na sio kwamba wanapenda tu iwe hivyo, sheria za majimbo mengi zinamkataza mtengenezaji mwenye madila asishindane nao kwa kuuza mwenyewe. Tesla hawana madila, wanauza wenyewe, na wamevutana sana na majimbo kadhaa kwa ajili ya hilo.

Wa tatu ni kampuni ya mikopo ya mtengenezaji. Hii ni mtoto wa kampuni mama. GM walianzisha yao, GMAC, mwaka 1919, Ford Credit ikaja 1959, ya Toyota 1982. Ile GMAC siku hizi inaitwa Ally na sio ya GM tena, GM wakanunua kampuni nyingine ya mikopo mwaka 2010 wakaipa jina GM Financial.

Sasa angalia karatasi zinavyotembea. Ukinunua gari kwa mkopo pale dukani, mkataba unasaini na dila, sio na benki. Ni mkataba wa kununua kwa awamu. Alafu dila anauuza huo mkataba kwa kampuni ya mikopo, analipwa hela yake yote ya gari na yeye ananawa mikono, miaka mitano yote unadaiwa na wale walionunua karatasi. Hii ishike vizuri kwa sababu ndio mlango wenyewe ruzuku inapopita, na pia ndio mlango ambao dila anaweza kuwekea cha juu.

Hatua ya 2: elewa ruzuku yenyewe, maana hapa ndipo hela ilipo

Unakumbuka mbolea ya ruzuku? Mkulima anaenda kwa wakala analipa bei ndogo, na sio kwamba wakala ana huruma, pengo linafidiwa na serikali huko juu. Hapa serikali ni mtengenezaji, na mbolea ni riba.

Tupige namba. Mkopo wa dola 30,000, miezi 60. Kwa asilimia 0 rejesho ni 500 kila mwezi, kwisha. Tuseme kwa soko lilivyo mtu mwenye krediti kama yako, yaani rekodi ya kukopa na kulipa, angekopeshwa kwa asilimia 7, rejesho lingekuwa kama 594, na riba ya miaka mitano yote ingefika kama 5,640. Kampuni ya mikopo nayo ni biashara, inakopa hela kwa wawekezaji na lazima iwalipe, haiwezi kupokea 500 zako ikacheka tu. Kwa mtu anayetaka kupata asilimia 7, ahadi yako ya kulipa 500 mara 60 leo ina thamani ya kama dola 25,250 tu. Lakini dila anataka 30,000 zake. Pengo ni kama 4,750, na hilo pengo mtengenezaji analilipa kwa kampuni yake ya mikopo. Dila kapata bei yake kamili, kampuni ya mikopo kapata faida yake kama kawaida, we umepata sifuri, na mtengenezaji katoa 4,750 ambazo angeweza kukupunguzia kwenye bei.

Kwa nini asipunguze bei tu? Sababu zipo. Bei ikishuka rasmi, walionunua mwezi jana wananuna, bei za magari yaliyotumika ya aina hiyo zinashuka nazo, na kuipandisha tena mwakani ni kazi. Riba unaiweka wiki sita unaiondoa, hakuna anayekumbuka. Alafu neno sifuri linavuta watu kuliko punguzo la elfu nne, sijui kwa nini akili zetu ziko hivyo lakini ndio zilivyo. Na hii naipenda zaidi: tangazo linaita watu mia, wenye krediti safi ya kupata sifuri ni baadhi tu, wengine wakishafika pale wamekaa kwenye kiti wamenusa gari mpya hawarudi nyumbani mikono mitupu.

Mfano unaokumbukwa sana ni Septemba 2001. Baada ya yale mashambulizi watu waliacha kununua, GM wakatoka na asilimia 0, Ford na Chrysler wakafuata, na magari yakauzika kweli. Mwaka 2020 korona ilipoingia wakarudia, mpaka sifuri kwa miezi 84. Alafu benki kuu ya Marekani ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 mpaka asilimia 5.25 hadi 5.50 katikati ya 2023, na ofa za sifuri zikawa adimu, na sababu unaiona mwenyewe kwenye ile hesabu, pengo la kuziba limekuwa kubwa. Kwa hiyo ukiona mtengenezaji anatoa sifuri wakati riba za soko ziko juu ujue ile gari imemkalia.

Hatua ya 3: nenda na mkopo wako mfukoni

Kabla hujakanyaga kwa dila pita kwenye krediti yunioni. Kwa wageni, krediti yunioni ni SACCOS ya huku, ya wanachama, mara nyingi riba yao ni nafuu kuliko benki. Waombe wakuidhinishie mkopo kabla, wakupe namba kwa maandishi. Hata kama unataka ile ofa ya sifuri, nenda tu, maana bila namba ya kulinganishia utaamini chochote utakachoambiwa.

Watu wanaogopa kwamba kuulizia sehemu nyingi kunaharibu skoa ya krediti, yaani alama unazopewa kwa rekodi yako ya kukopa. Ukiulizia mikopo ya gari ndani ya siku 14 skoa za FICO, zile zinazotumiwa na wakopeshaji wengi, zinayahesabu yote kama ulizo moja, matoleo mapya ya skoa hizo yanatoa hadi siku 45. Panga wiki mbili, maliza.

Kama umefika juzi na huna historia yoyote ya krediti, nakwambia ukweli tu, sifuri sio yako mwaka huu. Kampuni za watengenezaji zinapanga watu kwa madaraja na ofa kubwa zinaenda kwa madaraja ya juu. Ila ulizia kama wana mpango wa mnunuzi wa mara ya kwanza au wa mtu aliyemaliza chuo karibuni, baadhi wanayo, na riba yake sio ya kuua.

Hatua ya 4: soma maandishi madogo kwenye tovuti ya mtengenezaji, sio ya dila

Ofa inatoka kwa mtengenezaji, kwa hiyo isome kwake. Weka zipu kodi yako (namba ya posta ya eneo lako) maana ofa zinabadilika kwa eneo, ya Texas inaweza isiwe ya Ohio. Tafuta ni modeli ipi na ya mwaka gani, miezi mingapi (sifuri inaweza kuwa ya miezi 36 tu, ukitaka 72 ni namba nyingine kabisa), inaisha lini, na ni kwa wenye krediti ya namna gani. Alafu tafuta sentensi inayosema ofa hii ni badala ya punguzo la keshi. Ukiiona hiyo sentensi kaa chini uchukue kalkuleta.

Hatua ya 5: riba ndogo au punguzo la keshi?

Mara nyingi mtengenezaji anakwambia chagua moja, riba ya ofa au, tuseme, dola 3,000 zikatwe kwenye bei. Sasa umeshajua kwa nini, ni mfuko ule ule wa ruzuku, anakuuliza tu aumwagie wapi, kwenye riba au kwenye bei.

Gari ya 30,000. Njia ya kwanza, sifuri miezi 60, unalipa 30,000 jumla. Njia ya pili, unachukua punguzo, unakopa 27,000 krediti yunioni. Kwa asilimia 5 rejesho ni kama 509.50 na jumla kama 30,570, kwa hiyo sifuri inashinda kwa dola mia tano na kitu. Kwa asilimia 4 jumla inakuwa kama 29,835, punguzo linashinda kidogo. Kwa asilimia 7 ni kama 32,080, hapo sifuri inashinda bila ubishi.

Lakini badilisha miezi uone maajabu. Kama ofa ni sifuri ya miezi 36, punguzo la 3,000 na mkopo wa asilimia 5 kwa miezi 36 jumla yake ni kama 29,130, punguzo linashinda kwa karibu dola 870, na hata kwa asilimia 7 mnatoka sare. Sababu ni kwamba mkopo mfupi una riba kidogo ya kuokoa, wakati zile elfu tatu ni zile zile. Kwa hiyo mtu akikwambia sifuri siku zote ni bora, muulize miezi mingapi.

Na kuna jambo watu hawalifikirii. Punguzo unalipata siku ya kwanza, lishakuwa lako. Riba sifuri unaipata kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka mitano. Ukiuza gari baada ya miaka miwili, au ikagongwa ikaharibika kabisa, au ukapata hela ukamaliza deni mapema, faida ya miezi iliyobaki inaondoka. Mtu ambaye anajijua hakai na gari, punguzo linamfaa zaidi hata kama hesabu ya kwenye karatasi inasema vingine.

Kwa ndugu Waislamu ambao wanakwepa riba kabisa, najua sifuri inawavutia kwa sababu nyingine na sio hela. Mimi sio shehe. Ninachoweza kusema ni kwamba mkataba wa sifuri unaweza bado kuwa na faini ya kuchelewa kulipa, soma hicho kipengele alafu mpelekee unayemwamini kabla hujasaini.

Hatua ya 6: kwa dila, bei kwanza

Ukiingia tu utaulizwa unataka kulipa ngapi kwa mwezi. Usijibu. Yaani cheka, sema bado hatujafika huko. Ukitaja 500 umekwisha, anaweza kukupa 500 kwa bei yoyote, anarefusha tu miezi. Omba bei ya mwisho ya kutoka mlangoni, gari na kodi na usajili na ada zake zote, kwa maandishi. Gari ya zamani kama unairudisha, izungumzie baadaye, peke yake.

Ataweza kukwambia kwamba kwa kuwa unachukua sifuri hawezi kupunguza bei. Hilo pima. Ruzuku kwa kawaida inalipwa na mtengenezaji, sio yeye, ingawa ziko ofa ambazo dila anachangia sehemu, ndio maana matangazo mengine yalikuwa yanaandika kwamba mchango wa dila unaweza kugusa bei ya mteja. Kwenye mkopo wa ofa dila kawaida anapewa kiasi fulani tu kwa kazi ya karatasi, riba hawezi kuigusa. Kwa hiyo anajaribu kupata faida yake kwenye bei, nayo unaweza kuibishania kama mnunuzi mwingine yeyote. Mwisho wa mwezi ni wakati mzuri, ana malengo ya mauzo, na magari yale kwenye yadi mengi kayachukua kwa mkopo, mara nyingi wa kampuni ile ile ya mtengenezaji, kila gari inayolala pale inamla riba. Na yeye ana riba yake jamani.

Hatua ya 7: chumba cha mtu wa fainansi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeumia hapa.

Gari yangu ya kwanza huku nilivutwa na tangazo la asilimia 0.9. Nikakaa pale masaa manne, kahawa mbovu, mtu wa fainansi akarudi anatabasamu akanipa mkono, hongera umekubaliwa, asilimia 7.9. Nikafurahi! Nilikuwa naogopa kukataliwa, kwa hiyo kukubaliwa tu nikaona Mungu mkubwa. Baada ya miezi minne krediti yunioni ya kazini kwetu ikanipa asilimia 5 kwa skoa ile ile, nikahamisha deni, ndipo nikaanza kuuliza maswali niliyopaswa kuuliza siku ile.

Inavyofanya kazi ni hivi. Usipofikia daraja la ofa unaangukia kwenye mkopo wa kawaida, na huko ruzuku haipo. Dila anatuma maombi yako sehemu kadhaa, kampuni ya mikopo inamjibu kwamba karatasi ya huyu mtu tutainunua kwa asilimia 6. Hiyo ni namba ya ndani, we huioni. Dila anaruhusiwa kukuandikia 8 na lile ongezeko sehemu kubwa inakuwa yake. Ndio cha juu chenyewe, dalali wa kiwanja angeshangaa. Kwa dola 30,000 miezi 60, kutoka 6 hadi 8 ni kama dola 28 kila mwezi, karibu 1,700 mpaka umalize. Makampuni mengi yameweka kikomo cha pointi mbili au mbili na nusu, yaani asilimia mbili au mbili na nusu juu ya namba ya ndani, lakini kikomo sio sifuri.

Na sio kila mtu anawekewa cha juu sawa. Mwaka 2013 serikali ya Marekani iliibana Ally ikalipa dola milioni 98, madai yalikuwa kwamba weusi, Walatino na Waasia walikuwa wanaongezewa kuliko wazungu. Kampuni ya mikopo ya Honda ikafuata 2015 na ya Toyota 2016, hizo mbili zikakubali kushusha kikomo mpaka pointi 1.25 kwa mikopo ya miaka mitano kushuka chini, na pointi 1 kwa mirefu zaidi. Mwaka 2018 bunge lao likaufuta ule mwongozo wa serikali uliokuwa nyuma ya hizo kesi. Kwa hiyo usikae ukisubiri serikali ikutetee, uliza mwenyewe: kampuni ya mikopo imekupa riba gani kwangu? Hawezi kulazimishwa kujibu. Ndipo unatoa karatasi ya krediti yunioni mezani unanyamaza. Mara nyingi inapatikana namba mpya, ghafla tu.

Baada ya riba watakuletea waranti ya nyongeza, bima ya gapu, rangi ya kukinga sijui nini. Bima ya gapu ina maana kama umeweka kianzio kidogo, maana gari ikiharibika kabisa bima ya kawaida inalipa thamani ya gari na sio deni lako, lakini ulizia bei yake kwenye bima yako au krediti yunioni kwanza. Nyingine kataa. Na usikubali mtu akikwambia bila kununua waranti hupati ile riba.

Hatua ya 8: kisanduku kabla ya saini

Sheria ya mwaka 1968 ya uwazi wa mikopo inalazimisha mkataba uonyeshe namba nne, ndio kisanduku chenyewe: riba ya mwaka, jumla ya gharama ya mkopo, kiasi ulichokopeshwa, na jumla ya malipo yote. Kwenye sifuri ya kweli gharama ya mkopo inasoma 0.00 na jumla ya malipo inalingana na kiasi ulichokopa. Kama kiasi ulichokopa ni kikubwa kuliko bei mliyokubaliana, kuna kitu kimechomekwa, rudi juu usome mstari mmoja mmoja, na asikuharakishe mtu. Hakuna zile siku tatu za kughairi ambazo watu wanazisema, sheria ya hizo siku tatu haihusu gari uliyonunua dukani kwa dila.

Alafu muulize, mkopo umeshapitishwa kabisa au bado? Maana wapo wanaokupa funguo siku hiyo, unaenda nayo kanisani unapiga picha, wiki ijayo simu inalia, samahani mkopo umekataliwa, rudi usaini mwingine, na huo mwingine una riba ya juu. Kama haujapitishwa acha gari pale, rudi na gari yako ya zamani. Na ukipigiwa simu ya hivyo hulazimiki kusaini masharti mapya, unaweza kurudisha gari ukadai kianzio chako na gari uliyotoa.

Ukifika nyumbani subiri barua au imeili ya kwanza kutoka kwa kampuni ya mikopo yenyewe, huwa inakuja ndani ya wiki chache. Fungua mkataba, weka pembeni, linganisha riba, kiasi, miezi na tarehe ya rejesho la kwanza. Zikilingana weka malipo ya moja kwa moja benki, zisipolingana piga simu kwao siku hiyo hiyo na sio kwa dila, yeye alishalipwa zamani.